Bastola ya mfukoni inapogoma: soma dalili kabla ya kununua nyingine

Bastola ndogo za mfukoni, zile za kaliba (kipimo cha unene wa risasi, kwa inchi) .22, .25, .32 na .380 zinazofichika kiganjani, zina sifa mbaya ya kugoma, na sifa hiyo hazikusingiziwa. Slaidi yake, chuma cha juu kinachotembea, ni nyepesi na husafiri sentimita chache tu kwenda nyuma na kurudi. Katika safari hiyo fupi inatakiwa ing'oe ganda, ilitupe nje, ikoki nyundo, kisha ichukue risasi mpya kwenye magazini na kuisukuma chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu. Bastola kubwa ya askari ina nafasi ya kuvumilia risasi dhaifu, springi iliyochoka au mkono uliolegea. Ya mfukoni haina nafasi hiyo.

Hata hivyo, bastola nyingi zinazorudishwa dukani ni nzima. Kilichogoma kilikuwa risasi, au magazini, au mkono. Na kuna upande wa pili: mwenye bastola mbovu kweli anayebadilisha aina za risasi mwezi hadi mwezi kwa sababu hataki kukubali kwamba pesa yake imepotea. Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue ipi, simjibu kwa jina la kiwanda. Kila muundo una namna yake ya kugoma. Ukizijua dalili, unachagua muundo ambao ugomvi wake unauweza.

Nazungumzia zaidi Marekani, ambako bastola hizi ndizo zimejaa madukani. Duka lenye leseni ya serikali kuu haliruhusiwi kumuuzia bastola aliye chini ya miaka 21, na kila mnunuzi hujaza Fomu 4473, fomu ya serikali kuu ya kununua silaha, na kuchunguzwa rekodi yake. Ndugu zetu wenye ukazi wa kudumu wanaruhusiwa kununua. Aliyeko kwa viza ya masomo au matembezi kwa kawaida haruhusiwi hata kumiliki risasi, kwa hiyo aone mwanasheria kabla ya kuona muuzaji. Ruhusa ya kuibeba mwilini ni habari nyingine, na kila jimbo lina yake. Kwa walioko nyumbani, Kenya leseni ni ya Bodi ya Leseni za Silaha, na Tanzania inatawaliwa na sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015. Yanayofuata yanamhusu mwenye leseni, akiwa uwanja wa shabaha, miwani machoni na masikio yamezibwa.

Kabla ya kulaumu chochote

Washukiwa ni wanne: risasi, magazini, mkono, na bastola yenyewe. Wachunguze kwa mpangilio huo, kwa sababu kubadilisha risasi ni rahisi kuliko kubadilisha bastola.

Chukua kalamu ya wino mzito uandike 1 na 2 chini ya magazini zako. Inapogoma, andika nne hizi: magazini ipi, risasi ya kiwanda gani, ilikuwa risasi ya ngapi katika magazini, na nani alikuwa ameshika. Mgomo unaorudi daima kwenye magazini namba 2 ni wa magazini namba 2, na hauhitaji fundi. Mgomo wa risasi ya kwanza tu una chanzo tofauti na wa risasi ya mwisho tu. Watu hufika kwa fundi wakisema "inajam jam", na fundi hana pa kuanzia.

Nyundo imepiga, kimya

Usiikoki haraka, yaani usivute slaidi nyuma. Ishikilie ikielekea shabaha kwa sekunde 30 nzima, kwa sababu kuna risasi zinazochelewa kuwaka. Kisha toa magazini, toa risasi ile, uitazame kitako.

Ukikuta alama ya pini (kijiti kinachogonga risasi) iliyozama vizuri, risasi ndiyo mbovu. Kwa .22 hilo ni jambo la kawaida kuliko watu wanavyodhani. Risasi ya .22 LR, iliyobuniwa Marekani mwaka 1887, haina fataki (kidonge cha kuwasha) katikati ya kitako. Kemikali ya kuwasha imesambazwa ndani ya ukingo wa ganda, na pini hupiga ukingoni. Kiwandani kemikali hiyo ikikosa kuenea sawasawa, panabaki sehemu tupu, na pini ikiangukia hapo huna mlio. Izungushe risasi kidogo, irudishe chemba, mara nyingi itawaka. Dawa ya kudumu ni kuachana na risasi za bei ya chini zinazouzwa kwa mamia ndani ya boksi moja bila kupangwa. Risasi ya CCI Mini-Mag ndiyo watu wengi wa .22 huanza nayo, nami sina sababu ya kuwapinga.

Ukikuta alama hafifu, kama ukucha uliogusa sabuni, basi pigo halikuwa na nguvu. Hapo angalia mambo matatu: mafuta mazito au uchafu kwenye tundu la pini, springi ya nyundo iliyochoka, au slaidi ambayo haikufunga kabisa, hivyo sehemu ya nguvu ya pigo ikaishia kuisukuma slaidi mbele badala ya kuwasha risasi. La kwanza unalisafisha mwenyewe. La pili ni la fundi. La tatu nalieleza chini.

Tatizo hili la ukingo ndilo lililoipa .25 nafasi duniani. John Browning, mbunifu wa silaha wa Marekani, aliileta mwaka 1905 pamoja na bastola ndogo ya kiwanda cha FN cha Ubelgiji. Kwa nguvu haina la kujivunia mbele ya .22, lakini ina fataki katikati na ganda lake linapanda vizuri kutoka kwenye magazini. Leo risasi zake ni ghali na haba kuliko .22, kwa hiyo wenye .25 wengi hawafanyi mazoezi. Mimi naona hiyo ni hasara kubwa kuliko risasi moja mbovu kati ya nyingi.

Jambo la kuuliza dukani, na wauzaji wengi hawalisemi: risasi ikigoma, je, nikivuta kifyatulio tena nyundo inapiga tena? Beretta 21A Bobcat inapiga tena. Ruger LCP ya awali na Kel-Tec P-32 hazipigi, kwa sababu nyundo yake hukokiwa kwa sehemu na mwendo wa slaidi. Slaidi isipotembea, kifyatulio kinavutika bure. Wenye nazo huja wakilalamika kwamba "kifyatulio kimekufa" wakati bastola inafanya kama ilivyoundwa. Kwa .22 hasa, nisingenunua isiyopiga mara ya pili.

Mlio dhaifu, "pu", badala ya mlio wake

Acha kila kitu. Usikoki, usivute kifyatulio. Inawezekana baruti haikuwaka, na kichwa cha risasi kimekwama katikati ya mtutu. Risasi inayofuata ikikigonga, mtutu unavimba au kupasuka mkononi mwako. Toa magazini, toa kilichomo chemba, ifungue bastola na uchungulie mtutu kutoka upande wa chemba. Ukiona mwanga, sawa. Usipouona, ni kazi ya fundi. Boksi lililotoa risasi hiyo usilimalizie kwa kuona huruma ya pesa.

Risasi inainua pua na kukwama

Slaidi imesimama nusu njia, ncha ya risasi imegonga chini ya mlango wa chemba au imeelekea juu. Hapa ndipo daftari lako linapolipa.

Ikitokea kwenye risasi ya kwanza ya magazini iliyojaa, springi ya magazini ni ngumu na slaidi haikuachiwa kwa nguvu. Wengi huisindikiza slaidi kwa kidole wakiogopa kuiumiza. Ivute hadi mwisho, iachie ghafla. Ikitokea kwenye risasi ya mwisho au ya pili kutoka mwisho, springi ya magazini imechoka na haiwahi kuinua risasi kabla slaidi haijapita. Ikitokea popote, lakini kwa aina moja tu ya risasi, tazama umbo la ncha. Zile zenye tundu nchani zina mdomo mpana unaokwama kwenye ngazi ya kuingilia chemba (mteremko unaoongoza risasi), ilhali za ncha ya mviringo iliyofunikwa shaba huteleza. Kwa .25 na .32 sioni faida ya kubishana na hilo. Kaliba hizi hazina nguvu ya kupanua ncha na bado kuzama vya kutosha, na ncha ya mviringo ndiyo bastola nyingi za zamani ziliundwa kwayo.

Midomo ya magazini ni bati jembamba. Ikianguka sakafuni ikiwa imejaa, mdomo mmoja unapanuka kidogo sana kwa macho, na risasi zinaanza kutoka kwa pembe. Usiinyooshe kwa koleo. Nunua nyingine. Ukiwa na bastola ambayo magazini zake hazipatikani tena, au zinauzwa karibu na bei ya bastola, hiyo si ya kubeba, ni ya kabatini. Wapenzi wa bastola za kale za Ulaya hukasirika nikisema hivyo.

Wengi hushauri kung'arisha ngazi ya chemba kwa msasa. Msasa unaondoa chuma kisichorudi, na pembe ikibadilika umeharibu kilichokuwa kizima. Nenda kwa fundi wa silaha.

.32: risasi zimefungana ndani ya magazini

Hili ni la .32 zaidi, na ndilo linalowachanganya watu kuliko yote, kwa hiyo nakaa nalo.

Risasi ya .32, kwa jina kamili .32 ACP, kazi nyingine ya Browning kutoka mwaka 1899, ina ukingo wa kitako uliozidi mwili wa ganda kwa takriban nusu milimita tu. Ndani ya magazini, ukingo wa risasi ya juu unatakiwa uwe mbele ya ukingo wa ile iliyo chini yake, ili slaidi ikiisukuma mbele isiburute ya chini. Risasi ndefu za ncha ya mviringo hujaza magazini kutoka ukuta wa nyuma hadi wa mbele, hazina pa kuhamia. Zile za tundu nchani ni fupi. Bastola ikipiga teke, au ukitembea nayo mfukoni ikitikisika kutwa nzima, risasi zinapata nafasi ya kuteleza. Siku ya siku, ukingo wa juu unaangukia nyuma ya ukingo wa chini.

Dalili yake haifanani na kukwama kwingine. Slaidi imerudi nusu na kusimama. Unakoki tena, inasimama palepale. Unatoa magazini, unajaribu kuisukuma risasi ya juu kwa dole gumba, haitoki. Kila unavyoongeza nguvu ndivyo ukingo unavyozidi kubana. Uwanjani utahitaji kitu chembamba cha kukandamiza risasi za chini ili ya juu ilegee. Mitaani, kama magazini hiyo ndiyo pekee uliyo nayo, mambo yameisha.

Tiba ni mbili. Tumia risasi ndefu za ncha ya mviringo, au weka kipande cha kujazia kwenye ukuta wa magazini kilichotengenezwa kwa risasi fupi. Seecamp, kiwanda kidogo cha Marekani kilichotoa .32 yake katikati ya miaka ya 1980, kilikwenda kinyume: magazini iliundwa fupi kwa ajili ya risasi za tundu nchani, hivyo risasi ndefu haziingii kabisa. Mtu anayenunua Seecamp iliyotumika, kisha boksi la kwanza analolikuta dukani, hudhani amenunua bovu. Soma kitabu chake kwanza, kinataja risasi zinazofaa.

.380 haina ukingo uliozidi, kwa hiyo ugonjwa huu hauijui. Peke yake, hiyo ni sababu tosha ya mtu asiyependa kusumbuka kuanzia hapo.

Ganda limebanwa mlangoni, limesimama wima

Dada mmoja Mkenya, muuguzi wa zamu za usiku, alinijia uwanjani na .380 nyepesi ambayo ilikuwa ikibana maganda kila magazini. "Kaka, hii nimeuziwa mtumba," alisema, ingawa ilikuwa mpya. Nikaipiga mimi kwa risasi zake zilezile, maganda yakaruka vizuri. Akaichukua, la pili likabanwa. Tazama mkono wake: kila mlio, kifundo kilikunjika kwenda juu na bastola yote ikarudi nyuma pamoja na slaidi. Slaidi inahitaji fremu (mwili wa bastola wenye mpini) iliyotulia ili itembee juu yake. Fremu ikikimbia nayo, mwendo unapungua, ganda halipati pigo la kulitupa nje. Nikamwambia akaze kidole cha kati na cha pete, kifundo kikiwa kigumu, viwiko vimenyooka bila kufungwa. Magazini iliyofuata ilipita. Mwisho wa siku, mkono ulipochoka, ukarudi ugonjwa ule.

Hilo la mwisho ndilo lenye maana kwa mnunuzi. Bastola ambayo wewe unaiweza ukiwa umepumzika tu si ya kwako. Bastola za gramu 270 kama LCP, au chini ya 200 kama P-32, zinabebeka bila kuhisiwa, lakini uzito uliookolewa ndio ungetuliza fremu. Kama mikono haina nguvu, nyongeza ya gramu 150 ni dawa kuliko mafunzo ya mwaka.

Mkono ukiwa sawa, jaribu risasi zenye nguvu zaidi za kiwanda kingine. Zikipita, tatizo lilikuwa hilo. Maganda yakiendelea kubaki, angalia kulabu ya kutolea ganda: masizi chini yake, ncha iliyolika, springi iliyolegea. Kwa .22, risasi zilizopakwa nta huacha utando wa nta na madini ya risasi kwenye chemba, na ganda hushika. Burashi ya chemba, dakika chache, limekwisha.

Beretta ndogo, 950 na 21A, zina jambo lake. Hazina kulabu hata kidogo. Ganda hutoka kwa kusukumwa na gesi peke yake. Risasi ikiwaka, hakuna shida. Risasi isipowaka, kukoki hakuitoi, kwa sababu hakuna cha kuivuta. Inabidi ubonyeze wenzo wa pembeni mtutu uinuke kwa nyuma, uitoe kwa ukucha. Asiyejua hili hukoki mara nyingi, akiibamiza risasi mpya mgongoni mwa ile mbovu. Kwa upande mwingine, mtutu huo unaoinuka ndio neema kwa mwenye baridi yabisi mikononi: anaweka risasi moja kwa moja chemba bila kuvuta slaidi.

Slaidi haifungi hadi mwisho

Imebaki milimita mbili au tatu. Kama ni dole gumba lako linalogusa slaidi, utaona alama ya mafuta au mkwaruzo kwenye ngozi. Kama sivyo, chemba ni chafu, au springi ya slaidi imechoka, au risasi ni ndefu kupita kiasi. Toa mtutu, udondoshe risasi chembani kwa uzito wake wenyewe: iingie kwa sauti ya chuma na itoke ukiupindua. Ikisita, safisha, ujaribu ya boksi jingine. Risasi ya CCI Stinger, kwa mfano, ina ganda refu kuliko .22 LR ya kawaida, na chemba zilizobana haziipendi. Springi za bastola ndogo hufa mapema kwa sababu zinafanya kazi nyingi kwa urefu mdogo. Kitabu cha kiwanda husema zibadilishwe baada ya risasi ngapi. Ni sehemu ya bei ndogo inayookoa vitu vya bei kubwa.

Uwanjani inapiga, kutoka mfukoni inagoma

Hii wengi hawaigundui kwa kuwa husafisha bastola kabla ya kwenda uwanjani. Fanya kinyume. Ibebe wiki mbili bila kuigusa, uende nayo hivyo hivyo. Utashangaa kuona kilichomo: nyuzi za suruali, vumbi, makombo ya karanga, mafuta yaliyogeuka gundi. Mfuko wa bastola usiwe na kitu kingine, si funguo, si sarafu. Na bastola iwe ndani ya ala ya mfukoni inayofunika kifyatulio kabisa. Bila ala siizungumzii, hiyo ni ajali inayosubiri mguu.

Mafuta yawe kidogo. Yakizidi hunasa vumbi, na yakiingia kwenye risasi yanaweza kuua fataki.

Kuna jingine. Wanaotoa na kurudisha risasi ileile chemba kila jioni na asubuhi huisukuma ncha ndani ya ganda kidogo kidogo. Iweke kando ya risasi mpya kutoka boksini. Ikiwa fupi, itupe kwa utaratibu wa uwanja, kwa sababu baruti iliyobanwa kwenye nafasi ndogo huongeza shinikizo.

Inauma mkono, au siwezi kuikoki

Walther PPK ya mwaka 1931 ni nzuri kutazama, lakini mtutu wake hautembei, na slaidi inazuiwa na uzito wake pamoja na springi tu. Katika .380 hiyo maana yake ni springi ngumu na teke kali, na wenye viganja vinene huchanika ngozi juu ya dole gumba slaidi ikirudi. LCP na nyingine za mfano wake zina mtutu unaojifunga na slaidi kwa muda mfupi kabla ya kuachana, kwa hiyo springi inaweza kuwa laini zaidi na bastola yote ikawa nyepesi. Usinunue kwa kuangalia uzito ulioandikwa. Omba kuikoki mara kumi mfululizo dukani. Kama ya kumi imekushinda, hiyo si yako.

Ukishindwa zote, geukia rivolva, bastola ya silinda inayozunguka, ndogo ya .22 au .32. Risasi ikigoma, unavuta tena na silinda inaleta nyingine. Haina magazini, haijali ulegevu wa kifundo. Kifyatulio chake ni kizito, na cha .22 ndicho kizito zaidi, kwa sababu ukingo unataka pigo la nguvu.

Nyufa

Toa slaidi na mtutu, ufute, uangalie fremu na slaidi chini ya taa. Beretta Tomcat ya .32 ilijulikana kwa kupasuka fremu, na kitabu chake kinaonya usizidishe risasi za nguvu ya futi-pauni 130, yaani takriban jouli 176. Onyo hilo lina maana kwa sababu risasi za .32 za viwanda vya Ulaya mara nyingi zina nguvu kuliko za Marekani. Kwa maneno mengine, risasi inayoponya ganda lililobanwa kwenye bastola moja ndiyo inayopasua nyingine.

Kisha kuna zile za aloi ya zinki. Sheria ya silaha ya Marekani ya mwaka 1968 ilipozuia bastola ndogo kuingizwa kutoka nje, hata PPK ikakataliwa kwa ufupi wake, viwanda vya kusini mwa California vilijaza pengo: Raven kuanzia mwaka 1970, kisha Jennings, Davis, Lorcin na Bryco. Zinki haivumilii kama chuma cha pua. Bado zipo kwenye meza za mitumba kwa bei ya chakula cha mchana cha familia. Nyingine zinapiga vizuri leo. Siwezi kukuambia zitapiga hadi lini, na mimi sizinunui.

Ukichagua

Kwa mtu mwenye mikono ya kawaida anayeanza, ningemwelekeza kwenye .380 ya mtutu unaojifunga, mpya, yenye magazini zinazopatikana kila duka. Kwa mikono dhaifu, Beretta yenye mtutu unaoinuka, au rivolva. .32 ni ya anayekubali kufuata aina moja ya risasi bila ubishi, na thawabu yake ni teke dogo sana. .25 ya kale ni ya urithi.

Ya kwako ipige angalau risasi 200 kabla ya kuiamini, na 50 za mwisho ziwe zilezile utakazobeba, kutoka kila magazini, kwa mkono wa kulia na wa kushoto. Mgomo ndani ya boksi la kwanza nausamehe, chuma kipya kinazoeana. Ukiendelea baada ya kubadilisha risasi na magazini na mpigaji, usiipeleke kwa rafiki mwenye msasa. Piga simu kiwandani, wape yale manne uliyoandika, wakuelekeze jinsi ya kuituma.

Kwa iliyotumika, omba namba yake kabla ya kulipa, uiangalie kwenye tovuti ya kiwanda. Ruger waliitisha LCP za mwanzo mwaka 2008, zile ambazo namba zake zinaanza na 370, kwa sababu ziliweza kufyatuka zikianguka. Kiwanda kilizirekebisha bila malipo, ila si kila mwenye nayo aliirudisha. Bastola za zamani zaidi, kama FN ya 1905 na ndugu zake, hazina kizuizi cha pini kinachozuia hilo, na hazikuitishwa na mtu. Hizo usizibebe na risasi chemba.